Kwa mpwa wangu anayetaka kuwa mtafiti wa tiba shufaa

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Umeuliza utafiti wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, unaanzia wapi kwa muuguzi aliyeko Mtwara. Nakujibu hadharani, maana wenzako wa hospitali za Ligula, Ndanda na Nyangao huenda wana swali hilo hilo.

Unaanzia kwenye chupa ya mofini, dawa ya maumivu makali. Kabla hujaandika swali la kwanza la dodoso, jua dawa ya maji ipo wapi, nani anaruhusiwa kuiandika, na mgonjwa wa Newala ataipataje ikimwishia Jumamosi. Kumuuliza mtu maumivu yake, akakuonesha vidole vitano, yaani maumivu makali kabisa, kisha ukafunga daftari na kupanda bodaboda, huko ni kumwonea. Iandike kwenye mpango wako: akitaja 3 au zaidi kwenye kipimo cha 0 hadi 5, daktari au muuguzi anayemtibu apigiwe simu siku hiyo hiyo. Na ukimkuta ameacha mofini, ulizia choo kwanza. Mofini hufunga choo, na isipoandamana na dawa ya kulainisha, mtu huiweka kando kimyakimya, nawe utaandika kwamba dawa haikumfaa.

Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanzisha tiba shufaa ya kisasa, alipita njia hii. Alikuwa muuguzi, akawa ofisa ustawi wa hospitali, akasomea udaktari na kuhitimu mwaka 1957. Tangu 1958, akiwa St Joseph's, hospisi (nyumba ya kuwahudumia wagonjwa mahututi) jijini London, aliandika kumbukumbu za mgonjwa mmoja mmoja. Zilionesha kwamba mofini ikitolewa kwa saa zake, bila kungoja maumivu yarudi, humtuliza mgonjwa bila kumgeuza teja. Hospisi yake mwenyewe, St Christopher's, aliifungua 1967, baada ya miaka mingi ya daftari.

Kipimo utakachokutana nacho mapema ni POS ya Afrika, dodoso la hali ya mgonjwa la APCA, Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika. Maswali ni 10: 7 ya mgonjwa na 3 ya anayemuuguza, na majibu ni 0 hadi 5. Asiyesoma hujibu kwa mkono: ngumi ni 0, vidole vyote ni 5. Hapa ndipo wengi huteleza. Kwenye maumivu, 5 ni mbaya kabisa. Kwenye amani ya moyo, 5 ndiyo njema. Ukijumlisha bila kugeuza alama za upande mmoja, aliyetulia na anayeteseka wanaweza kutoka sawa. Hata Kiswahili chake kijaribu kwanza. Bibi wa Tandahimba anayewaza kwa Kimakonde akisikia "amani" anaweza kufikiria ugomvi wa nyumbani. Mwombe akueleze swali kwa maneno yake mwenyewe.

Halafu idadi ya watu. Wagonjwa hawa watafariki au watazidiwa katikati ya utafiti. Ukihitaji 60 wafike mwisho na unatarajia kuwapoteza 40 katika kila 100, anza na 100. Kila anayetoka mwandikie sababu: amefariki, amezidiwa, au jambo jingine, kama kuhamia shambani msimu wa korosho. Ukiwafuta tu, yatabaki majibu ya wenye nguvu, na utatangaza nafuu isiyokuwepo. Chukua namba mbili za simu, moja iwe ya jirani.

Vibali vina mlolongo: maadili NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kisha mkoa, wilaya, mpaka kijiji au mtaa. Panga miezi, si wiki.

Idhini ndiyo ngumu zaidi. Katika koo nyingi za kusini mjomba ndiye msemaji, na mara nyingi ndugu watakuomba usimwambie mgonjwa. Waheshimu, wasikilize, lakini idhini ya mgonjwa mwenye akili timamu haitolewi na mtu mwingine. Usitangulie kutamka saratani. Msikilize yeye anauitaje ugonjwa wake, nawe uuite hivyo. Hata fomu yako isibebe kichwa kinachomtobolea siri. Na omba idhini upya kila unapomtembelea, kwa kuwa aliyekubali mwezi uliopita leo huenda hana pumzi ya kuongea.

Kwa sasa usikimbilie dodoso. Omba ruhusa, chukua daftari la dawa kituoni kwako, na kwa miezi 6 andika tarehe mofini ilipoingia, tarehe ilipoisha, na wagonjwa wangapi walikuja katikati ya tarehe hizo wakaikosa. Jedwali hilo nitumie.

Mjomba wako