Jukwaani mwacheka, stegini mwapiga

Bwana Mhariri, asalam aleikum. Mimi ni mama wa makamo, niko hapa Majengo, na neno hili limenikaa kooni wiki mbili sasa.

Mtoto wa dadangu yuko sekondari ya wavulana watupu na ni mtu wa drama. Sasa shule ikiwa ya wavulana watupu na mchezo uko na bibi kizee, si lazima mmoja wao avae nguo za kike? Ikaangukia kwake. Akaja, "Khalati niazime dera," nikampa lile langu la maua na leso moja, nikamfunza na kutembea manake alikuwa atupa miguu kama askari gwarideni. Siku ya mchezo tulicheka mpaka machozi, kuna maalim wa madrasa mbele yetu alikuwa ajipangusa macho na kofia yake.

Jioni basi la shule likachelewa, wao wakaenda stegi wapande matatu, na yeye hajabadilisha. Makanga akasikia sauti nzito yatoka ndani ya dera akapiga kelele. Hapo hapo watu wakajaa, huyu asema mwizi, yule asema shoga, kosa lenyewe hawajakubaliana lakini makofi walikubaliana mara moja. Wakamvua lile dera wakalipasua, bahati alikuwa na kaptura ya shule ndani, na mama mmoja muuza viazi karai ndiye aliyemvuta akamficha nyuma ya meza yake.

Sikatai, kuna wezi hujificha kwa buibui na ninja ya kufunika uso, nami naogopa kama nyinyi. Basi mshikeni mpelekeni polisi. Lakini kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kosa la jinai Kenya hii, liliandikwa kwa sheria mwisho wa 2014 baada ya wanawake kuvuliwa hadharani stegini kule Nairobi. Ama mwadhani mwanamume hana haya zake?

Mtaniambia dini. Mimi Muislamu, ile hadithi naijua, amelaaniwa mwanamume anayejifananisha na mwanamke, na mwanamke anayejifananisha na mwanamume pia. Mbona hiyo nusu ya pili hamuifuati mbio? Sisi kwenye vugo, ngoma yetu ya wanawake ya harusi, milango ikishafungwa kuna shoga yetu atavaa kanzu ya mumewe na kofia, atachorwa masharubu kwa wanja, acheze na bakora kama yeye ndiye bwana harusi na tutamtuza pesa mpaka zidondoke chini. (Shoga kwetu wanawake ni rafiki wa chanda na pete, sijui vipi limegeuka jiwe la kumpigia mtoto.)

Na hao makanga nshawaona kwa macho yangu, gari halijajaa, wameinamia simu wamtazama yule mchekeshaji Flaqo amejifanya Mama Otis, wavunjika mbavu! Mtoto aniambia mwalimu wao aliwaeleza kwamba zama za Shakespeare wanawake wote wa michezo yake walichezwa na vijana wa kiume, Uingereza ilikaa hivyo mpaka 1660 hivi ndipo wanawake wakapanda jukwaani, na Japani wanawake walikatazwa kucheza kabuki, mchezo wao wa jukwaani wa jadi, 1629 na hadi leo kuna wanaume mabingwa wa kuigiza wanawake. Mimi nilicheka tu, nikakumbuka watu wa bara wakishuka treni ya SGR wakimuona mzee wetu na kanzu, ama kikoi, waulizana mbona wanaume wa Mombasa wavaa gauni na sketi, na vile sisi hukasirika.

Dera nimelishona, mshono waonekana kidogo ubavuni. Kwanza alisema drama basi, hataki tena, lakini juzi kaja kuliulizia kwa sababu wamepita na wanaenda raundi nyengine. Nimempa limekunjwa ndani ya mkoba, nimemwambia alivae huko huko na alivue huko huko, na nauli ya tuktuk ya kurudi nimemtia mfukoni.

Mama wa Majengo,
Mombasa