Barua kwa Neema, kutoka Kirumba

Mwanangu Neema,

Mama yako kapimwa presha jana, 160 kwa 100. Usishtuke, dawa anakunywa, na asubuhi hii yuko sokoni Mwaloni na kayabo zake, wale samaki wakavu wa chumvi. Nilimwambia apunguze chumvi kwenye mboga, akanijibu: "Mzee, chumvi ndiyo inayomsomesha Neema." Nikanyamaza.

Ndipo nikakumbuka ujumbe wako, kwamba mkono ulioumia kwenye ile ajali ya bodaboda hautaweza upasuaji, basi heri uache udaktari. Siku ile sikuwa na la kukujibu.

Yule Arthur Guyton, mwenye kitabu kizito cha fiziolojia, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi, ulichoniomba hela ya kukinunua, naye alitaka kuwa daktari wa upasuaji wa moyo. Mwaka 1946, mafunzo yake Boston yakikaribia kuisha, akapata polio. Mguu wa kulia, mkono wa kushoto na mabega vikapooza. Akarudi kwao Mississippi, huko huko Marekani, kufundisha, 1948 akakabidhiwa idara ya fiziolojia, na miaka yake mingi ikaishia kwenye swali moja: presha inaanzia wapi? Kitabu kilitoka 1956. (Watoto alipata kumi, wote wakawa madaktari! Mimi ninaye mmoja na ananitoa jasho.)

Miaka yote niliyofundisha baiolojia nilisema presha ni moyo na mishipa, basi. Guyton alishikilia kuwa ni figo. Nimemwelewa kwa kutazama ziwa letu la Victoria. Mito inayoingia ni mingi, unaotoka ni mmoja tu, Nile pale Jinja. Mvua ikizidi, ziwa hupanda, na likipanda Jinja hutoa maji mengi zaidi. Mlango ukibana, litapanda sana kabla ya kutulia. Unakumbuka maji ya 2020 yalivyotufuata mialoni. Figo nayo ni hivyo hivyo: yenye afya ikiona presha imepanda hutoa chumvi na maji zaidi, presha ikashuka. Ikigoma kutoa chumvi kwa presha ya kawaida, presha itapanda mpaka figo ikubali. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliuweka mzunguko mzima wa damu kwenye milinganyo mamia, wakaipigia hesabu kwa kompyuta. Wapo wanaombishia hadi leo, wanaosema chanzo ni neva na ubongo. Ubishi huo hauhitaji mikono miwili, Neema.

Usiandike barua ya kuacha chuo kabla hujafika nyumbani. Na uje na ile mashine yako ya kupimia presha. Mama yako hataki nimpime mimi, anadai nakaza mkanda kama nafunga mzigo wa kayabo.

Baba yako