Shimo la nyuma ya skuli

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Wazima huko Bamburi? Sisi wazima, bibi anakusalimu, mguu wake bado unamsumbua. Nimekaa kimya mno, lakini leo nina haja, na haja yenyewe ina haraka.

Unalikumbuka lile shimo la mchanga, gari zilipokuwa zikipanga foleni tangu alfajiri? Uchimbaji uliposita likaachwa wazi, hata jani hakuna. Sasa njoo uone! Masika yamejaza maji upande wa bondeni, ukangaga umezunguka, mnana wamening'iniza viota juu ya maji. Pale alipokuwa akisimama Haji na daftari lake pameota mipera, hakuna aliyeipanda.

Basi wanataka kuligeuza jaa. Eti shimo ni shimo tu. Imeniuma, wallahi. Visima vyetu viko hapo hapo chini. Taka zikioza, mvua itazipeleka wapi kama si kwenye ndoo zetu?

Ndipo nikapakumbuka kwenu. Kiwanda cha saruji kilianza 1954, kikachimba mpaka pakabaki uwanja wa jiwe la matumbawe. Mwaka 1971 René Haller, bwana shamba wa kiwanda, akaanza kupanda miti. Miti mingi ilikufa, mivinje ikashika, maana inastahimili chumvi. Majani yake yakawa hayaozi, wakaletwa majongoo. Wakayatafuna, kinyesi chao kikawa udongo. Majongoo, shoga, hawa tunaowafagia uani! 1984 watu wakafunguliwa mlango, ndiyo hiyo Haller Park ya leo. Habari za urafiki wa kiboko Owen na kobe Mzee wa huko nitawasimulia watoto, mimi nataka mivinje. Wao walianzia kwenye jiwe. Letu lina maji, lina udongo, na limeshaanza lenyewe. Kulifukia kwa taka ni dhulma.

Sheha amekubali kutusikiliza Jumapili baada ya laasiri. Wazee wetu unawajua, maneno matupu hawayataki, mpaka waone. Nakuomba uende Haller Park ukanipigie picha, hasa mahali ukuta wa machimbo bado unaonekana nyuma ya miti. Na mtafute mtunza bustani mmoja umuulize.

Utawahi kabla ya Jumapili? Kiingilio kiasi gani, nikutumie? Mivinje huachiwa nafasi gani kati ya mche na mche? Na ukingo unaoporomoka hushikwa kwa mti gani? Salma ameshajifungua? Wewe mwenyewe unakuja lini?

Nijibu leo leo.

Wako,
Zuhura