Msiseme Mtoto Hajui Kitu

Wanangu mnaolea watoto wachanga na wa chekechea,

Nimefundisha chekechea miaka 31 kabla ya kustaafu, na maneno niliyoyasikia zaidi kwa wazazi ni haya: "Huyu bado mdogo, hajui kitu." Husemwa hasa asubuhi ya baada ya ugomvi. Mama amevaa mikono mirefu siku ya joto kali, au baba anamkabidhi mtoto haraka haraka asije akaulizwa hali. Maneno hayo ndiyo yanayowapa watu ruhusa ya kupigana mbele ya watoto, ndiyo maana nawaandikia.

Nilikuwa na mvulana wa miaka minne. Wenzake wakikimbilia mipira na matofali ya kuchezea, yeye husimama mlangoni akinitazama usoni. Nikitabasamu, anaingia. Nikiwa nimekunja uso kwa maumivu yangu ya goti, anabaki pale pale. Siku moja upepo ukaubamiza mlango wa kabati. Nilimkuta chini ya meza, amemkumbatia mtoto mdogo kuliko yeye na kumziba masikio. Ya kwake ameyaacha wazi. Nyumbani alikuwa na mdogo wake.

Mimi nilikuwa nimeshamhesabu kuwa mzito wa kuelewa. Namfundisha kuhesabu, macho yake yako mlangoni, kumi hafiki. Kumbe akili yake ilikuwa kazini kutwa nzima, ila kazi yenyewe ilikuwa ulinzi.

Mwili ukihisi hatari humwaga homoni, moyo ukaenda mbio, misuli ikakaza. Hatari ikipita, mwili hutulia. Mtoto asiyejua vurugu itaanza tena lini hatulii, na hayo yanampata katika miaka ambayo ubongo unajengwa: akifika miaka mitano, ubongo wake umekaribia asilimia 90 ya ukubwa wa ule wa mtu mzima. Ubongo huimarisha njia zinazopitwa mara kwa mara. Anayeishi kwa woga, njia ya woga kwake huwa barabara. Ya kusikiliza hadithi, kungoja zamu na kutafuta neno hubaki kichochoro.

"Lakini alikuwa amelala." Hata hilo limepimwa. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watoto 20 wa miezi 6 hadi 12 waliopigwa picha za ubongo wakiwa usingizini, huku wakisikilizishwa maneno yasiyo na maana, mara kwa sauti ya furaha, mara ya hasira. Wale wa nyumba zenye ugomvi mwingi, ubongo wao uliitikia hasira kwa nguvu zaidi katika sehemu zinazohusika na hisia na msongo. Na walikuwa wamelala fofofo.

Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akianza tena, aliyekuwa anaunga sentensi akirudi kwenye neno moja moja, au tumbo likimuuma kila jioni inapoingia, msikimbilie fimbo. Mpelekeni kwa daktari, ndiyo, na mkifika huko semeni ukweli wa nyumbani.

Tunapenda kusema mambo ya ndani hayatoki nje. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya nyumba yenu ni huyo mtoto; ndiye anayezamishwa humo kila siku. Nimewahi kumtazama binti wa miaka mitatu akicheza baba na mama. Akawaambia "watoto" wake, "Funguo hizo! Nyamazeni." Kisha akavipanga viatu mlangoni, vyote vikielekea upande mmoja.

Akina baba, wengi wenu mmeniambia kwa fahari, "Mimi mtoto sijawahi kumgusa." Sawa. Lakini unampiga mtu ambaye yeye humkimbilia akiogopa. Sasa akimbilie wapi? Na usiniambie hasira hukushinda, maana mbele ya bosi wako huwa haikushindi.

Akina mama, kwenu nina deni. Kuna mmoja nilimwambia, "Vumilia kwa ajili ya watoto," nikadhani nimempa busara. Ushauri ule naufuta. Wala siwaambii mtoke mbio bila mpango, kwa sababu wakati wa kuondoka ndipo hatari huweza kuzidi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, weka vyeti vyako na vya watoto pahali unapoweza kuvichukua upesi, watafute wanaosaidia watu waliofikwa na hayo. Na mtoto mwambie waziwazi, "Si kosa lako." Watoto wa umri huu hudhani ugomvi ulianza kwa sababu walimwaga maji.

Wengi wao hupona, hasa vurugu ikikoma na akabaki mtu mzima mmoja anayetabirika, mwenye sauti ileile leo na kesho. Anaweza kuwa mama, babu, hata mwalimu.

Yule mvulana wangu, mama yake alihamia kwa dada yake na watoto wote wawili. Ilichukua miezi. Asubuhi moja nikamwona anakuja, nikautengeneza uso wangu mapema kama nilivyozoea, nikatabasamu. Akanipita mbio kuelekea kwenye matofali, wala hakuniangalia.

Wenu, mwalimu mstaafu