Uwanja wa besiboli, mlipaji ni nani?

Ndugu Mhariri,

Bado wapo wanaotulaumu wakazi wa kaunti ya Jackson, Missouri, kwa kura ya Aprili 2024. Tuliombwa kodi ya mauzo ya karibu senti 38 kwa kila dola 100, kwa miaka 40, ili Royals, timu yetu ya besiboli, wajengewe uwanja katikati ya Kansas City na Chiefs, timu ya futiboli ya Kimarekani, wakarabatiwe wa kwao. Asilimia 58 ya wapigakura walikataa. Sawa kabisa! Kodi ya mauzo hukatwa hata kwenye unga na mafuta ya kula. Mfagiaji na tajiri kiwango kimoja. Kauffman, uwanja wa sasa wa Royals uliofunguliwa 1973, bado unachezewa. Wenye timu wakitaka kuhama, wajenge kwa fedha zao. Wakiomba kodi yetu kwa barabara na mabomba tu, hapo tutazungumza.

Mkazi wa Kansas City, Missouri