Barua kwa mwanangu: Kabla ya kukokotoa, tafuta sufuri

Umoja, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima na mwenye bidii. Sisi huku nyumbani hatujambo. Nimesoma uliyoniandikia kuhusu nambari chanya na hasi zinazofundishwa Gredi ya Nane, na hasa lile linalokutatiza, yaani vipi kutoa nambari hasi kunaweza kuwa sawa na kujumlisha. Swali lako ni la haki, na sitaki ulimeze jibu lake kwa kukariri.

Nikushauri jambo moja kwanza. Ukipewa swali lolote la aina hii, usikimbilie alama. Jiulize sufuri ya swali hilo iko wapi na upande upi umekubaliwa kuwa chanya. Anayejua mahali sufuri ilipo hapotei hata hesabu ikiwa ndefu, na asiyejua hubahatisha tu.

Chukua simu yangu. Juzi nilikuwa na salio la shilingi 400 katika M-Pesa, nikalipa bidhaa za duka za shilingi 1,050, na Fuliza, ile huduma ya mkopo ya M-Pesa, ikanijazia 650 zilizopungua. Ujumbe ulipoingia ulisema salio langu ni 0.00, na deni la Fuliza likaandikwa mahali pake. Mtu akisoma ile 0.00 peke yake atadhani niko kwenye sufuri, lakini hali yangu halisi ilikuwa 400 − 1,050, yaani −650. Baba yako aliponitumia 1,000, deni lilikatwa kwanza na mimi nikabaki na 350, kwa kuwa −650 + 1,000 = 350. (Ada nimeziacha kando ili hesabu isomeke, katika maisha usiziache kando hata siku moja.)

Sasa tuje kwenye lile swali lako. Kuna fundi wa viatu aliyekuwa na deni la shilingi 300 katika daftari letu la dukani, na mfukoni alikuwa na 200. Jumla ya alichonacho na anachodaiwa ni 200 + (−300), yaani −100. Mwezi huu mkewe alikuwa mgonjwa, nikaamua kulifuta deni lile, nikapiga mstari juu ya jina lake. Kufuta ni kutoa, na nilichokitoa ni deni, yaani −300. Basi hesabu yake ni −100 − (−300), na jibu ni 200. Angalia jibu hilo vizuri: ni zile zile 200 zilizokuwa mfukoni mwake. Sikumpa hata shilingi moja, na bado alipanda kwa 300. Hiyo ndiyo maana ya kutoa hasi, na ukiielewa kwa deni utaielewa popote.

Mwanahisabati wa Uhindi aitwaye Brahmagupta alizieleza kanuni hizi mwaka 628 kwa njia hiyo hiyo ya mali na deni, akaandika kwamba deni likitolewa kwenye sufuri huwa mali. Ulaya, kwa upande wake, walikuwapo wanahisabati waliozikataa nambari hasi hata katika karne ya 18. Kwa hiyo usione haya kwamba zimekusumbua kwa muhula mmoja.

Lakini nakuomba uache kabisa ule msemo mnaoimba darasani kwamba hasi na hasi huwa chanya. Msemo huo umewaponza wanafunzi wengi, kwa sababu hausemi ni katika tendo gani. Ukiwa na deni la 300 dukani na la 400 kwa jirani, −300 + (−400) ni −700, na hakuna wimbo utakaoligeuza kuwa mali. Katika kuzidisha ndipo hasi mbili huleta chanya, na mfano wake uko ukutani kwetu, kwenye mita ya umeme. Leo inaonyesha uniti 5 zilizobaki, na nyumba yetu hutumia uniti 4 kwa siku. Leo iwe sufuri ya siku, siku zijazo ziwe chanya na zilizopita ziwe hasi. Badiliko la kila siku ni −4. Siku tatu zilizopita ni −3, na (−3) × (−4) = 12, kwa hiyo siku ile mita ilikuwa na uniti 12 zaidi ya leo, yaani 17. Ukienda mbele siku mbili, 2 × (−4) = −8, na 5 − 8 = −3. Hapo usiandike jibu ukaondoka. Mita ya tokeni haiendi chini ya sufuri. Ile −3 inakuambia kwamba tusiponunua tokeni tutalala gizani kabla ya siku ya pili kuisha. Kila jibu la hasi liulize kama kitu unachokipima kinaweza kweli kuwa hasi.

Kuhusu joto sina mengi. Friza yetu ya kuku huwekwa kwenye nyuzi −18. Mlango ukiachwa wazi ikafika −6, imepanda nyuzi 12, kwa sababu −6 − (−18) = 12. Na −6 ni kubwa kuliko −18, ingawa jicho huvutwa na ile 18.

Mtego ulio mbaya zaidi ni ule wa sufuri isiyokuwepo. Katika majengo ya hapa mjini, ghorofa ya chini huandikwa G, na hiyo ndiyo sufuri. Ukitoka maegesho ya tatu chini ya ardhi kwenda ghorofa ya 7, lifti hupanda ghorofa 7 − (−3), yaani 10. Marekani, mara nyingi ghorofa ya chini huitwa ya 1, hivyo, kwa kuwa hakuna sufuri kati ya −1 na 1, safari yenye nambari hizo hizo huwa ghorofa 9. Miaka nayo iko hivyo: baada ya mwaka 1 KK ulifuata mwaka 1 BK, bila mwaka wa sufuri, na kwa hiyo kutoka mwaka 5 KK hadi mwaka 5 BK ni miaka 9.

Nimalizie na milima, kwa kuwa unaipenda jiografia. Ukipima kutoka usawa wa bahari, kilele cha Batian katika Mlima Kenya kiko mita 5,199, Nairobi iko takriban mita 1,795, na uso wa Ziwa Assal kule Djibouti uko takriban −155. Tofauti ya kimo kutoka Assal hadi Batian ni 5,199 − (−155) = 5,354. Sasa hamisha sufuri uilete hapa Nairobi: Batian inakuwa 3,404, Assal inakuwa −1,950, na tofauti yao ni 3,404 − (−1,950), ambayo ni 5,354 vilevile. Sufuri imehama, nambari zote zimebadilika, na tofauti haikuguswa.

Ukipata nafasi, weka sufuri juu kabisa kwenye kilele cha Batian, uniandikie Nairobi, bahari na Assal zinakuwa ngapi, kisha utafute tofauti za kila jozi. Onyesha njia yote. Jibu peke yake halitanitosha.

Mama yako akupendaye