Jiwe la mvua hukua kwa kadiri linavyotoa joto

Ndugu Mhariri,

Kila mvua ya mawe inapopiga huko Usambara, maelezo yanayofika kwetu Tanga mjini ni yale yale: kwamba juu kulikuwa na baridi kali mno, na kwamba jiwe lenye tabaka tano limepanda na kushuka mara tano. La kwanza ni nusu ya ukweli. La pili ni kosa, na linastahili kusahihishwa.

Ndani ya wingu la radi yamo matone ambayo yamepoa hadi nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri na bado ni maji. Yakigonga punje ya barafu yanaanza kuganda, na kila gramu inayoganda hutoa jouli 334 za joto fiche, yaani joto linalotoka maji yanapogeuka barafu au mvuke unapogeuka maji. Joto hilo lisipopata pa kwenda, kuganda kunakwama. Hubebwa na upepo unaolipita jiwe kwa kasi, na mvuke unaotoka usoni pake. Sehemu nyingine humezwa na ubaridi wa matone yenyewe.

Chukua jiwe la kipenyo cha sentimita 2, linaloanguka mita 16 kwa sekunde katika wingu la nyuzi 15 chini ya sifuri, lenye gramu 2 za maji kwa kila mita ya ujazo. Litazoa miligramu 10 hivi kila sekunde, na maji hayo yakiganda yote yatatoa wati 3 na ushee. Uwezo wake wa kutoa joto, hata uso ukipanda hadi nyuzi 0, nao ni karibu wati 3. Jiwe liko ukingoni. Maji ya wingu yakipungua hadi gramu 1, kila tone linaganda papo hapo na hewa inafungiwa humo. Tabaka linakuwa jeupe kama tui. Yakifika gramu 3, uso unalowa, maji yanaganda polepole, mapovu yanawahi kutoka, na tabaka linakuwa angavu kama kioo. Maji ya ziada humwagika, au hunaswa ndani ya barafu kama kwenye sponji. Mpaka huo huitwa kikomo cha Schumann na Ludlam, kwa majina ya wataalamu wawili wa hali ya hewa. Jiwe kubwa huuvuka upesi zaidi, kwa sababu likipanuka, maji linayozoa huongezeka haraka kuliko uwezo wake wa kutoa joto.

Basi tabaka si hesabu ya safari. Jiwe likipanda mara moja tu, likapita penye maji mengi kisha penye machache, litatoka na tabaka zake zote.

Joto fiche ndilo pia linaloinyima pwani yetu mawe. Hapa nyuzi 0 iko karibu kilomita 5 juu ya bahari, na jiwe la sentimita 1 husafiri dakika 8 au zaidi katika hewa yenye joto. Unyevu wetu ndio unaolimaliza: mvuke hutona, yaani hugeuka maji, juu ya jiwe baridi, na kila gramu inayotona huleta joto la kuyeyusha gramu 7 za barafu. Lushoto, huko Usambara, iliyo mita 1,400 hivi juu ya bahari, safari ni fupi na hewa ni ya baridi zaidi.

Ombi letu kwa waandishi wenu na wasomaji wa milimani: acheni "makubwa kama mayai", pimeni. Subirini mvua ikatike, kwani jiwe kubwa hupasua kichwa. Liokoteni kwa kijiko, si kwa vidole, kwa sababu tabaka la nje ndilo la kwanza kuyeyuka. Wekeni rula pembeni, pigeni picha, andikeni saa na mahali. Kila jiwe liwekwe kwenye friza ndani ya mfuko wake uliofungwa vizuri, maana yakiwa maji maji yatagandana. Na mfuko ukiachwa wazi, jiwe hupungua humo humo ndani ya friza bila kutoa hata tone.

Kulipasua, msitumie kisu cha moto. Maji yanayoyeyuka huganda tena juu ya mkato na kujifanya tabaka angavu ambalo halikuwepo. Tumieni msumeno wa chuma uliokaa kwenye friza, laini­sheni kwa msasa uliopoa vilevile, kisha litazameni juu ya kitambaa cheusi, mwanga ukitokea ubavuni.

Wasomaji wenu,
Chumbageni, Tanga